Simu inasema leo, mume yuko Tunduma

Shikamoo mama,

Nina miaka 33, naishi Kibaha, na nina duka dogo la stesheneri: kuchapa, kutoa kopi, kuskani vyeti vya vijana wanaoomba kazi. Mume wangu ni dereva wa lori. Anapakia bandarini Dar, anapeleka Lubumbashi, na wanaoijua njia hiyo wanajua kwamba foleni ya mpaka wa Tunduma peke yake inaweza kummalizia mtu siku kadhaa kabla hajaanza kuiwaza Kasumbalesa, mpaka wa kuingilia Kongo. Akirudi anakaa nyumbani siku chache, gari likipata mzigo anaondoka. Ni mtu mwema. Hanywi, hela ya matumizi haijawahi kukosekana, na akiwepo nyumbani yeye ndiye anayewahi kuamka kuwasha jiko.

Tulipooana tulikubaliana tusikimbilie mtoto mpaka nyumba ifike kwenye lenta. Nikawa nachoma sindano ya miezi mitatu. Nyumba ikafika kwenye lenta, ikapauliwa, nikaacha sindano, na sasa ni mwaka na ushee hakuna kitu. Mama mkwe anasema sindano zimeniunguza kizazi. Mume wangu ana binti wa miaka tisa aliyempata kabla hatujajuana, anaishi na bibi yake Iringa. Kwa hiyo hakuna anayeuliza tatizo liko kwa nani. Jibu wanalo.

Rafiki yangu mmoja ndiye aliyenionyesha vijiti vya kupima siku za yai kupevuka. Vinauzwa duka la dawa. Unachovya kwenye mkojo, unasubiri, inatokea mistari. Akanipakulia na programu kwenye simu: unakilaza kijiti juu ya karatasi nyeupe, unakipiga picha, yenyewe inasoma rangi ya mstari na kukupa namba, halafu inachora mchoro unaopanda na kushuka siku hadi siku. Ikiona rangi imekolea inakuandikia kwamba leo ndiyo siku ya juu kabisa.

Mama, mwanzoni nilifurahi sana. Nilikuwa na kitu cha kutazama badala ya kungoja tu. Lakini hiyo siku ya juu ikawa inamkuta mume wangu Mbeya, au Zambia, au amelala ndani ya gari mpakani. Nikaanza kumpigia: umefika wapi, unarudi lini, huwezi kumwachia mwenzako gari? Kuna wakati nilifunga duka nikapanda basi mpaka Tunduma. Nilimkuta kwenye foleni, wamekaa na madereva wenzake wanakunywa chai. Alinipokea, akanitafutia chumba gesti, ila usiku ule hakuna kilichofanyika. Alichosema ni, "Umenigeuza dume la mbegu." Asubuhi alinisindikiza stendi bila neno.

Halafu likatokea hili lililonifanya nikuandikie. Wifi yangu aliazima simu yangu apige picha ya kitambaa amtumie fundi. Akafungua albamu kuitafuta picha yake, akakuta vijiti vyenye mistari miwili, vingi, kila kimoja na tarehe yake. Hakuniuliza. Alimpigia kaka yake akamwambia mkeo anajipima Ukimwi kimyakimya, kuna jambo analijua. Mume wangu alirudi safari ile hasemi na mtu. Usiku ndipo aliponiuliza kwa sauti ya chini, "Unaumwa nini ambacho hutaki kuniambia?" Nikamweleza vile vijiti ni vya nini. Nilidhani atacheka. Alishusha pumzi, halafu akakasirika upya. Akasema kumbe siku zote nikimpokea vizuri, nikimwambia nilikukumbuka, ni simu imeniambia. Akataka niifute mbele yake. Niliifuta.

Wiki haikuisha, nikairudisha. Nimeificha kwenye folda ya mambo ya kazi, arifa nimezima, na vijiti viko dukani kwenye droo ya karatasi za manila. Rangi ikipanda na yeye yupo, sisemi kitu. Navaa khanga anayoipenda, nafanya kama imetokea tu. Inanikaa vibaya moyoni, kwa sababu ni kweli namtamani mume wangu, ila siku hizi hata mimi siwezi kutenganisha kipi ni changu na kipi ni cha ile programu.

Na yenyewe imeanza kunichanganya. Mwezi uliopita ilitangaza siku ya juu mara mbili, zimeachana zaidi ya wiki. Siku nyingine macho yangu yaliona mistari imelingana kabisa, yenyewe ikasema kiwango bado ni cha chini. Mzunguko wangu nao haueleweki, mara unatimia mwezi, mara unaingia wiki ya sita.

Nifanye nini? Nimwambie kwamba nimeirudisha? Niendelee kimya mpaka Mungu atujalie, kisha nimwambie tukicheka? Au niifute kweli, mambo yaende yanavyokwenda? Anarudi mwisho wa mwezi.

Mke wa Dereva, Kibaha


Marahaba mwanangu, na pole kwa mwaka huo na ushee. Umeniuliza umwambie au usimwambie. Nitafika huko, ila niruhusu nianzie kwenye droo ya karatasi za manila, kwa sababu naona umevipa vile vijiti kazi kubwa kuliko vinayoiweza, na mengi yaliyowakorofisha yameanzia hapo.

Kijiti kinapima homoni moja tu, inaitwa LH. Ubongo huimwaga kwa wingi ili yai litoke kwenye ovari, na kwa kawaida yai hutoka kati ya saa 24 na 36 tangu homoni ianze kupanda. Mstari ukikolea, maana yake mwili unajiandaa. Haujasema kwamba yai limetoka. Kuna miezi ambayo homoni hupanda, ikashuka bila yai kutoka, kisha mwili ukajaribu tena siku kadhaa baadaye, na hilo linaweza kueleza mara mbili uliyoiona. Wapo pia wanawake wenye hali ambayo madaktari huiita PCOS. LH yao huwa juu siku nyingi, vijiti huwapa majibu yasiyo na maana, na hedhi zao mara nyingi huchelewa. Sisemi wewe unayo. Nasema mzunguko unaovuka siku 35 mara kwa mara ni jambo la kumpelekea daktari, na hakuna programu ya simu inayoweza kulipa jina.

Kuhusu macho yako na simu kutokubaliana, wewe unaijua sababu kuliko mimi. Mtu anayeskani vyeti kutwa nzima anajua karatasi ileile inavyobadilika chini ya taa na karibu na dirisha. Programu inachofanya ni kulinganisha ukolevu wa mstari wa kipimo na ule mstari wa pembeni unaotokea kila siku, basi. Kivuli cha mkono, kijiti kilicholala upande, au kilichosahaulika mpaka kikakauka, vyote vinaivuruga. Soma ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, ambao kwa vijiti vingi ni dakika tano na isizidi kumi. Piga picha mahali palepale, kwenye mwanga uleule. Macho yakiona mstari wa kipimo umelingana na mwenzake au umemzidi, hayo ndiyo majibu, hata simu ikibisha. Mstari hafifu kwenye kipimo cha mimba kwa kawaida ni mimba, lakini kwenye hiki mstari hafifu ni hapana, na wengi huchanganya hapo. Jambo la mwisho kuhusu mkojo: vijiti vingi havipendi ule wa kwanza wa alfajiri, kwa kuwa homoni mara nyingi huanza kumwagwa asubuhi na kuonekana kwenye mkojo saa kadhaa baadaye. Maji mengi kabla ya kupima nayo huuzimua mkojo. Kwa hiyo kupimia dukani saa nne au saa tano asubuhi si vibaya hata kidogo.

Sasa tuje Tunduma. Ulifunga duka ukapanda basi kwa sababu uliamini siku ile ikipita, mwezi umepita. Hapo ndipo ningependa ukae kidogo. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walichapisha utafiti ambao mpaka leo madaktari wanautumia, wakaonyesha kwamba mimba hutokana na tendo lililofanyika ndani ya siku sita: tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe linapotoka. Yai likishatoka huishi muda mfupi, haufiki zaidi ya siku moja. Mbegu za kiume ndizo zenye subira, zinaweza kukaa hai ndani ya mwili wako hadi siku tano. Mumeo akiondoka Jumatatu na mstari ukakolea Jumatano, mwezi huo haujapotea. Pengine siku zile alizokuwa nyumbani, zile simu ilizosema kiwango ni cha chini ukaziona hazina maana, ndizo zilizokuwa na nafasi nzuri.

Ukilitazama hivyo, kwa nyumba ya dereva kuna njia nyepesi kuliko kungoja tangazo. Akiwepo, muwe pamoja kila siku ya pili, au mtakavyojisikia, bila kuuliza mtu wala kitu. Wewe mwenyewe ukiona ute mwepesi, usio na rangi, unaovutika kati ya vidole, ujue siku za kushika mimba zimefika, na huo ute hutokea kabla ya mstari kukolea. Sivibezi vijiti. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia tafiti za afya, yaliyokusanya majaribio ya wanawake wanaotafuta mtoto, yalikuta kwamba kwa walio chini ya miaka 40 na wasiofikisha mwaka wakijaribu, nafasi ya kushika mimba ya 18 katika kila 100 hupanda ikafika kati ya 20 na 28 wanapopanga siku kwa vipimo vya mkojo. Ni faida, lakini ni ndogo kuliko ugomvi uliouzaa nyumbani kwako, na haina msaada wowote mwanaume akiwa ng'ambo ya Zambia.

Kuhusu hizo sindano, mama mkwe mheshimu, ila kwa hili amekosea. Sindano ya miezi mitatu haiunguzi kizazi. Inachelewesha. Kwa wastani hupita kama miezi kumi tangu sindano ya mwisho mpaka mimba kuingia, na wengine huvuka mwaka. Shirika la Afya Duniani linapohesabu miezi 12 kabla ya kusema kuna tatizo la uzazi, linazungumzia watu wanaokutana mara kwa mara bila kinga. Ondoa kwenye mwaka wako muda wa sindano kuisha mwilini, ondoa na wiki zote za Lubumbashi, uone umebaki na nini. Huenda mwaka wenu haujatimia. Hata hivyo sikwambii hivyo ili ukae utulie. Una miaka 33, na ukivuka 35 madaktari hawashauri kungoja zaidi ya miezi sita. Tena hedhi yako yenyewe, kwa namna inavyoyumba, ni sababu tosha ya kwenda sasa.

Lipo pia lile jibu ambalo "wanalo". Binti wa miaka tisa ni ushahidi wa mbegu za miaka kumi iliyopita. Leo hauwezi kuthibitisha chochote. Karibu nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mume una mchango, peke yake au pamoja na wa mke. Mbegu hutengenezwa upya kila baada ya miezi miwili na nusu hivi, na homa kali, maambukizi, sigara, au joto la muda mrefu kwenye sehemu zile vinaweza kuzipunguza. Mtu anayekaa kwenye kiti cha lori kutwa kucha ana haki ya kulijua hilo. Kipimo chake ni chepesi kuliko vyote mtakavyoandikiwa: anakaa bila tendo kati ya siku mbili na saba, anatoa kwenye kikopo, maabara wanahesabu. Kipimo chako cha mirija kinahitaji uingiziwe dawa kwenye mfuko wa uzazi na kupigwa eksrei. Sioni haki gani inayotaka wewe uanze peke yako.

Na hapa nataka kuuliza jambo kwa upole. Umeandika kana kwamba mumeo anaichukia ile programu. Mimi katika barua yako nimemsikia akisema maneno mawili tu, na yote mawili hayahusu simu. La kwanza alilisema Tunduma, ulikomkuta na wenzake, kwamba ameitwa kwa kazi ya dume. La pili alilisema nyumbani, kwamba hajui tena kama anapokewa kwa sababu anapendwa au kwa sababu tarehe imefika. Katikati ya hayo kuna usiku aliokuuliza unaumwa nini. Alishapewa habari ya kutisha na dada yake, na hakuja na matusi wala na mabegi. Alikuja na swali, tena kwa sauti ya chini. Mwanaume asiyejali hafanyi hivyo. Inawezekana pia kwamba yeye naye ana hofu yake: anajua binti wa Iringa ni wa zamani, anajua anavyochoka, na kila picha ya kijiti inamkumbusha kwamba mkewe ameshaanza kutafuta kosa liko wapi. Siwezi kumsemea. Nakuomba tu usiwe na uhakika kwamba umeshajua anachokikataa.

Basi tuzipime njia zako. Ukiendelea kimya, mwisho wa mwezi utapita kwa amani, na pengine mimba itaingia mkacheka kama unavyowaza. Yametokea. Upande wa pili, hukuficha programu tu. Uliifuta mbele yake ukairudisha nyuma yake, na akiligundua hilo mwenyewe litamuuma kuliko picha zile alizosimuliwa. Fikiria na hili: mimba ikikawia mtaketi mbele ya daktari, na swali la mapema kabisa litakuwa umefuatilia mzunguko kwa muda gani na kwa njia ipi. Utajibu nini, naye amekaa pembeni yako?

Ukimwambia, jua kwamba anaweza kukasirika. Anaweza kunyamaza siku zote atakazokuwa nazo nyumbani, na mwezi huo ukaenda. Hiyo ni gharama ya kweli, sitaipunguza. Usimwambie kwa simu akiwa njiani, mtu anashika usukani wa gari lenye shehena. Usimwambie usiku wa kwanza, wala kitandani. Mngoje alale, aamke, awashe hilo jiko lake. Maneno hayahitaji kuwa marefu: "Ile programu niliirudisha. Niliogopa. Nimekuwa nahesabu peke yangu na nimechoka kuhesabu peke yangu." Kisha mwachie nafasi aseme lake, hata likichelewa. Katika barua yako sikuona hofu ya kupigwa wala kufukuzwa. Kama ipo na hukuiandika, usianze mazungumzo haya mkiwa wawili. Mtafute kwanza mtu mzima mnayemheshimu wote, na uandike tena nikujibu kwa namna nyingine.

Wapo wanandoa ninaowajua waliofika katikati: mke anapima, mume anajua kwamba anapima, na wamekubaliana kwamba hakuna anayetangaza siku. Wengine mume mwenyewe aliomba awe anaambiwa, kwa sababu kilichomchoma ni kuwa wa mwisho kujua. Zipo programu zinazoruhusu mwenza aunganishwe aone mchoro kwenye simu yake. Kwa wenu ningejiuliza mara mbili, maana simu ya dereva hushikwa na utingo, huachwa juu ya dashibodi, na gumzo la mizani ya Vigwaza linafika Mbeya kabla ya gari.

Na ukiifuta kweli? Wapo waliopumua walipofanya hivyo, wakabaki na siku za kuwa pamoja na macho yao wenyewe. Wewe una mzunguko unaoyumba, kwa hiyo utapoteza kumbukumbu ambayo daktari angeitaka. Pia ulishaifuta ukairudisha ndani ya wiki. Kabla ya kuifuta tena ungejiuliza ulikuwa unatafuta nini siku ile uliyoirudisha, kama ilikuwa ni tarehe au ni kupata kitu cha kushika wakati yeye hayupo. Hulazimiki kunijibu mimi hilo.

Wifi yako alikosea, na sitalipamba. Ila tulitumie kosa lake. Siri yako haikuvujishwa na kampuni ya mbali, ilivuja kwenye albamu ya picha. Ingia kwenye mipangilio, uzuie picha za vijiti zisihifadhiwe pamoja na picha nyingine, na uweke namba ya siri. Ya mbali nayo yapo. Mwezi Mei 2023, Tume ya Biashara ya serikali ya Marekani ilieleza kwamba Premom, programu mojawapo ya kusoma vijiti hivi, ilikuwa ikipitisha taarifa za watumiaji wake kwa kampuni nyingine bila ridhaa yao, na wenye programu wakakubali kulipa dola 100,000 kulimaliza shauri. Hapa kwetu tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini sheria haiwezi kukuzimia ruhusa ya mahali ulipo. Hiyo izime mwenyewe leo. Kipimo cha yai hakihitaji kujua duka lako liko mtaa gani.

Kwa kuwa Ukimwi ulishatajwa nyumbani kwenu bila sababu, mkienda hospitali pimeni wote wawili, VVU na magonjwa mengine ya zinaa. Simtuhumu mtu. Ni sehemu ya kawaida ya uchunguzi wa uzazi, na klamidia na kisonono vinaweza kuziba mirija bila mtu kuhisi maumivu yoyote. Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, anza sasa usingoje mimba.

Hospitali ya Tumbi iko hapohapo Kibaha, pa kuanzia unapo. Na chochote mtakachoamua kuhusu programu, kabla hujaigusa toa michoro yake yote uichape dukani kwako, ukurasa mmoja kwa kila mzunguko. Kwa kalamu andika siku hedhi ilipoanza, tarehe ya sindano ya mwisho, siku ulizouona ute, na siku ambazo mumeo alikuwa nyumbani. Daktari atasoma karatasi hizo haraka kuliko atakavyosoma simu. Hizo za mwisho hutaweza kuzijaza kwa kukumbuka tu. Tarehe za safari zote ziko kwenye karatasi za mizigo anazotembea nazo yeye, na itabidi umwombe.